Safari za Vijana Walio Chini ya Ulinzi: Usalama Huanza Kabla ya Lango Kufunguliwa

BAKARI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia safari za nje za vijana wanaozuiliwa kwa amri ya mahakama: kwenda hospitali, kufanya mtihani, kumzika mzazi, au kujifunza ufundi katika karakana iliyo nje ya kituo. Dada Mwanaidi, wapo wanaouliza kwa nini kituo kijitwishe hatari hiyo.

MWANAIDI: Kwa sababu kijana huyo atarudi uraiani, Kaka Bakari, na kuishi na watu hakujifunzwi ndani ya ukuta peke yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, ambazo wengi huziita Kanuni za Havana, zilipitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 1990. Kanuni ya 59 inasema kijana aruhusiwe kuitembelea familia yake, na apewe ruhusa maalumu kwa ajili ya masomo, mafunzo ya kazi au sababu nyingine nzito. Na kama anatumikia adhabu, muda alio nje uhesabiwe ndani ya adhabu hiyo. Kwa hiyo masharti ya usalama huwekwa ili safari ifanyike. Yasigeuzwe kisingizio cha kuifuta.

BAKARI: Basi maandalizi yaanzie wapi?

MWANAIDI: Yaanze na kijana mmoja mmoja. Jalada hueleza kosa alilotenda zamani, lakini halielezi kwamba juzi amepata habari mbaya kutoka nyumbani, au amegombana na mwenzake bwenini, au siku ya hukumu yake inakaribia na halali usingizi. Hayo anayajua msimamizi wa zamu ya usiku, na mara nyingi yeye ndiye asiyeulizwa. Ni lazima pia kujua kama kijana amewahi kujidhuru, anatumia dawa gani na kwa saa zipi, na kama huko anakopelekwa yuko mtu aliyemkosea au mtu anayemwinda. Kisha msimamizi aende mapema akapaone mahali penyewe: milango iko mingapi, choo kina dirisha la ukubwa gani, gari litaegeshwa wapi, na simu inashika mtandao wapi.

BAKARI: Idadi ya wasimamizi huzua mabishano mengi.

MWANAIDI: Nchini Marekani, kanuni za shirikisho za kuzuia unyanyasaji wa kingono vizuizini zinavitaka vituo vya vijana vyenye ulinzi mkali viwe na angalau msimamizi 1 kwa vijana 8 wakiwa macho, na 1 kwa 16 wakiwa wamelala. Kumbuka kwamba hicho ni kiwango cha ndani, penye kuta na milango inayofungwa. Ukitoka nje, kila msimamizi apewe vijana wachache zaidi, na dereva asihesabiwe kwa kuwa macho yake yako barabarani. Kwa maoni yangu, hata kijana akiwa mmoja, wasimamizi wawe wawili, na mmoja wao awe wa jinsia yake. Msimamizi akiugua njiani, kijana habaki bila mtu. Na la uzito zaidi, kijana hawekwi peke yake mikononi mwa mtu mzima mmoja mahali ambapo hakuna anayewaona.

BAKARI: Na pingu? Wapo wanaozifunga kwa kila anayetoka, iwe desturi tu.

MWANAIDI: Desturi hiyo haikubaliki. Katika zile Kanuni za Havana, ya 63 na ya 64 zinaruhusu vifaa vya kumzuia kijana pale tu hali inapokuwa ya kipekee, njia nyingine zote zimeshindikana na sheria imeruhusu waziwazi, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo na bila kumdhalilisha. Kanuni ya 36 inataka anayetoka kituoni aruhusiwe kuvaa nguo zake mwenyewe, na ya 26 inataka chombo cha usafiri kiwe na hewa na mwanga wa kutosha. Kijana asifungwe kamwe kwenye kiti au chuma cha gari, kwa sababu gari likipinduka au likiwaka moto hatakuwa na njia ya kutoka.

BAKARI: Sasa swali linalowanyima wasimamizi usingizi: kijana akikimbia, wafanye nini?

MWANAIDI: Jibu liwe limeandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla ya siku hiyo, maana mwili wa mtu humtuma kukimbiza. Ukimkimbiza mmoja, umewaacha wengine. Na kijana anayekimbizwa huvuka barabara bila kutazama. Wasimamizi wawakusanye waliobaki, wawahesabu, wapige simu kituoni na kueleza sura yake, nguo alizovaa na upande alikoelekea. Taarifa kwa polisi iseme wazi umri wake, ugonjwa wake kama anao, na kama ana hatari ya kujidhuru, ili wanaomtafuta wajue kwamba wanamtafuta mtoto. Mzazi au mlezi apigiwe simu na kituo chenyewe, asizisikie habari mitaani.

BAKARI: Vijana wenyewe waambiwe nini kabla ya kuondoka?

MWANAIDI: Waambiwe ukweli: wanakwenda wapi, watarudi saa ngapi, wataombaje kwenda chooni, na nini kitafuata wakivunja masharti. Palipo na wasiwasi wa njama ya kutoroka, saa na njia vinaweza kufichwa hadi karibu na kuondoka, lakini kumpakia mtoto garini bila kumwambia aendako humtia hofu, na hofu ndiyo inayowakimbiza wengi. Wahesabiwe kwa majina kila wanapopanda na kushuka. Msimamizi asiwapige picha kwa simu yake, kwani utambulisho wa mtoto mwenye kesi ni siri inayolindwa.

BAKARI: Na wakirudi?

MWANAIDI: Wahesabiwe tena. Upekuzi, ukihitajika, ufanywe faraghani na mtu wa jinsia ya kijana. Kisha kila msimamizi aandike taarifa yake siku hiyohiyo, na kijana naye aulizwe alivyoiona safari, kwa sababu yeye ndiye atakayesema ni msimamizi gani aliyekuwa akitazama simu. Taarifa hizo ziwe mezani pa anayepanga safari inayofuata, kabla hajateua watu wa kwenda.