Kidonge cha Malkia Xu

SALMA: Karibuni tena jamani. Mimi ni Salma, niko na kaka Baraka kama kawaida. Leo tunaingia ikulu ya Chang'an, mji mkuu wa China enzi za utawala wa Han. Ni mwaka 71 kabla ya Kristo. Malkia Xu Pingjun ni mjamzito, tena anaumwa, na kuna tabibu mwanamke anajiandaa kwenda kumhudumia.

BARAKA: Anaitwa Chunyu Yan. Dada Salma, kisa hiki kinaniuma sana. Malkia hakuuawa kwa kitu cha ajabu kilichotoka kwa mchawi. Aliuawa kwa dawa, dawa waliyoizoea matabibu wa zama zile.

SALMA: Nani alitaka afe?

BARAKA: Huo Xian, mke wa Huo Guang, na huyo Huo Guang ndiye aliyekuwa ameishika nchi mkononi. Mwaka 74 alimwondoa kaisari mmoja baada ya siku 27 tu, akamweka Xuan, kijana wa ukoo wa kifalme aliyekulia uraiani. Xuan alikuwa ameshamwoa Xu huko huko uraiani. Wakubwa walipoanza kumsogezea binti wa Huo awe malkia, akatoa amri atafutiwe upanga wake wa zamani, wa siku za dhiki.

SALMA: Na wenye akili wakaelewa.

BARAKA: Wakaelewa kwamba hamwachi mke wa siku za dhiki, wakampendekeza Xu. Lakini Huo Xian hakukubali binti yake akose kiti kile.

SALMA: Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza kwa kitu kidogo. Mume wa Chunyu Yan alikuwa mlinzi ikulu. Akamwambia mkewe, kabla hujaingia kwa Malkia, pita kwa Bibi Huo ukamuage, uniombee kazi ya usimamizi kule Anchi. Basi tu! Mtu anatafuta cheo.

BARAKA: Mke akaenda. Huo Xian akawatoa watumishi wote nje, akamwita Yan kwa jina lake la heshima, Shaofu. Mke wa mtu mkubwa kuliko wote nchini anakuita hivyo, ujue ana shida kubwa. Akamwambia kwamba uzazi kwa mwanamke ni kuchungulia kaburi, kwa hiyo Malkia akijifungua, mtu anaweza kumtilia sumu, na binti yangu akapata nafasi.

SALMA: Jibu la Yan ndilo linalotuonyesha utabibu wa ikulu ulivyokwenda. Alisema dawa hutayarishwa na matabibu wengi kwa pamoja, tena lazima ionjwe kwanza. Itawezekanaje? Kwa hiyo ulinzi ulikuwepo, na ulikuwa mzuri. Mmoja akiharibu, mwenzake anaona, na mwonjaji anatangulia.

BARAKA: Huo Xian akamwambia hilo liko mikononi mwako, na mume wangu jemadari ndiye anayetawala, nani atathubutu kusema? Yan akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akakubali.

SALMA: Hapo tuongee dawa yenyewe. Fuzi.

BARAKA: Fuzi ni mzizi wa pembeni wa mmea wa akoniti. Ukiwa mbichi una sumu inayovuruga mishipa ya fahamu na moyo: ulimi na midomo hufa ganzi, mapigo ya moyo yanapotea mpangilio, mtu anakwenda. Ukichemshwa kwa muda mrefu, ile sumu huvunjika na kupungua sana, na matabibu wa China wanautumia mpaka leo kwa wagonjwa wanaosemekana wameingiwa na baridi. Mwaka 1973 wachimbaji walipofungua kaburi la tatu la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, walikuta maandiko ya tiba kwenye hariri, na akoniti inatajwa humo mara nyingi.

SALMA: Na wanawake wa ikulu walizoea dawa kali wakati wa kuzaa. Karibu karne moja kabla, tabibu Chunyu Yi alimpa mke mdogo wa mfalme wa Zichuan, aliyeshindwa kujifungua, langdang kidogo kwa pombe, mmea ambao ukizidishwa humpagawisha mtu. Akajifungua salama.

BARAKA: Ndiyo maana nasema hapakuwa na cha kutilia shaka. Yan alitwanga fuzi, akaingia nayo ikulu. Malkia alipojifungua, akaichanganya kwenye kidonge kikubwa cha matabibu wa kaisari, akampa mzazi anywe. Baada ya muda Malkia akasema kichwa kinamwia kizito, akauliza kama dawa ina sumu. Yan akamjibu hapana.

SALMA: Mgonjwa mwenyewe aligundua! Akauliza swali sahihi, akamuuliza mtu asiyefaa, na hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Hilo linanikaa rohoni.

BARAKA: Akazidiwa, akafa. Matabibu wote waliomhudumia wakakamatwa. Huo Xian akaogopa, akamweleza mumewe ukweli. Huo Guang akataka kuripoti, akashindwa, akaandika Yan asishtakiwe. Mwaka uliofuata binti yao akawa malkia. Lawama yangu kubwa naiweka hapo kwa Huo Guang. Mke alipanga uovu, mume alizima kesi.

SALMA: Na hawakuishia hapo. Xu alikuwa ameacha mtoto wa kiume. Alipotangazwa mrithi mwaka 67, Huo Guang akiwa ameshafariki, Huo Xian akamfundisha binti yake amtilie mtoto sumu kwenye chakula. Malkia mpya akamkaribisha chakula mara kadhaa, sumu iko tayari. Kila mara yaya wa mtoto wanaonja kwanza.

BARAKA: Sheria ile ile ya kuonja.

SALMA: Ile ile. Ila yaya hawakuwa na utaalamu wa dawa, walikuwa wanamlinda mtoto tu, na ndio waliofaulu. Mwaka 66 njama ikafichuka, ukoo wa Huo ukaangamizwa na malkia wao akavuliwa cheo. Yule mtoto ndiye Kaisari Yuan, aliyekalia kiti mwaka 48.

BARAKA: Na kaburi la mama yake liko kusini ya Duling, karibu na Xi'an ya leo. Mumewe alizikwa Duling miaka 20 na ushee baadaye.