Tuwafundishe Watoto Kusikilizana Jukwaani

Ndugu wazazi, walezi na walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunialika. Walionisikia katika vikao vilivyopita wanajua ninakoelekea, nami sioni sababu ya kuwazungusha. Madarasa mengi ya maigizo ya watoto na vijana tunayaendesha kwa ajili ya onyesho la mwisho wa muhula, na kwa kufanya hivyo tunawanyima watoto jambo lenyewe waliloletwa kujifunza, nalo ni kumsikiliza mwenzao na kumwitikia kwa mwili na sauti. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa kuwa bado naona mtoto mwenye sauti kubwa akipewa uhusika mkuu tangu juma la kwanza, mwenye haya akivishwa maleba ya mti, na majuma yote yaliyobaki yakiishia katika kukariri.

Tazameni kinachotokea katika darasa la namna hiyo. Mtoto mwenye sentensi nne za kusema anasimama pembeni akingoja zamu yake. Mwenzake anapozungumza, midomo ya huyu inatikisika kimyakimya, kwa kuwa anayapitia maneno yake asije akayasahau. Na mwenzake anapomaliza, yeye huyatoa yake kwa pumzi moja huku macho yakimtafuta mwalimu. Mwenzake akiruka sehemu, huyu atajibu swali ambalo halikuulizwa, wala hatatambua kwamba halikuulizwa. Watoto wawili wamesimama hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwingine, na kila mmoja yuko peke yake. Kisha tunapiga makofi, tunapiga picha, na tunasema watoto wamejifunza kuigiza.

Sasa linganisheni hali hiyo na zoezi la kioo, ambalo nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa walimu wengi wanalijua kwa jina na wachache wanalifikisha mwisho. Zoezi hili limeenea hasa kwa kazi ya Viola Spolin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1906, ambaye katika miaka ya 1920 alisomea michezo ya makundi ya watoto huko Chicago kwa mwalimu wake Neva Boyd, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akasimamia shughuli za maigizo katika mpango wa serikali wa kuwapatia watu kazi. Alifundisha watoto wa familia za wahamiaji, waliotoka katika lugha na desturi mbalimbali, na mihadhara kuhusu sanaa isingemfikisha popote. Kwa hiyo aliwapa michezo yenye kanuni chache, ambayo humlazimisha mchezaji kushughulika na kilicho mbele yake sasa hivi.

Watoto wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anaongoza kwa mwendo wa polepole, na mwingine anakuwa kioo chake: mkono ukipanda, nao mkono unapanda; kichwa kikiinama, nacho kichwa kinainama. Dakika ya kwanza ni ya kucheka, na mwalimu asiikemee. Dakika ya pili kiongozi anaanza kumtega mwenzake kwa kurusha mikono haraka ili ashindwe, na hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu mwalimu anapaswa kusema, bila kulisimamisha zoezi, kwamba kioo kikiachwa nyuma, aliyekosea ni kiongozi. Mtoto aliyezoea kushinda hushangaa kusikia hivyo. Anapunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza anamtazama mwenzake usoni ili ajue kama yupo naye. Baadaye mwalimu anawabadilisha: kiongozi anakuwa kioo, na kioo anakuwa kiongozi; kisha anawabadilisha tena na tena kwa haraka, mpaka wasihitaji kutulia kati ya zamu na zamu.

Walimu wengi huishia hapo, na ninawalaumu kwa upendo. Hatua ya tatu ndiyo yenye thamani, nayo ni ile ambayo hakuna anayeongoza. Kila mmoja anamfuata anayemfuata. Anayetazama kutoka nje hawezi kusema nani ameanza. Bega la mmoja linapanda kidogo kwa pumzi, la mwenzake linapanda pia, na kutoka katika pumzi hiyo mkono unaanza kusogea ambao hakuna aliyeukusudia. Chumba kinanyamaza bila kunyamazishwa. Mtoto hawezi kufanya hivyo kwa kukariri, wala kwa kumwangalia mwalimu, wala kwa kuwa na sauti kubwa kuliko wenzake. Anaweza kufanya hivyo kwa kumzingatia mwenzake tu. Wapeni wawili hao mazungumzo ya sentensi sita baada ya zoezi, nanyi mtasikia sentensi zilezile zikisemwa kana kwamba zimebuniwa papo hapo.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hii ni michezo ya kupotezea muda, na kwamba mwigizaji wa kweli hufundishwa kuigiza. Namjibu kwamba Konstantin Stanislavski, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya mafunzo ya uigizaji duniani, alisisitiza kwa waigizaji watu wazima mawasiliano ya kweli baina ya wahusika walio jukwaani. Ikiwa mtu mzima mwenye kipaji anahitaji kulifanyia mazoezi jambo hilo, kwa nini tudhani kwamba mtoto wa miaka tisa atalipata akiwa amevaa taji na kusimama mbele ya watu?

Mwingine ataniambia kwamba ni yeye anayelipa ada, na anataka kuona matunda yake. Madai hayo ni ya haki, na sisemi tuyakatae. Ninachosema ni kwamba mwalikeni mzazi aketi darasani juma la nne au la kumi, aone mwanawe akifanya kazi. Winifred Ward, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, alikwishatenganisha mambo haya mawili kabla ya katikati ya karne iliyopita: kuna maigizo ambayo watoto huyabuni wenyewe kwa ajili ya kujifunza, na kuna michezo ya jukwaani inayoandaliwa kwa ajili ya hadhira ya watoto. Aliyafanya yote mawili, maana aliasisi pia ukumbi wa maonyesho ya watoto mjini Evanston mwaka 1925, lakini hakuyachanganya. Sisi tunayachanganya kila muhula, kisha tunashangaa kwa nini mtoto anatoka akiwa na picha nzuri na hofu ileile aliyokuja nayo.

Kwa wanaotaka ushahidi, upo, nami nautumia kwa tahadhari. Mtafiti E. Glenn Schellenberg wa Kanada alichapisha mwaka 2004 utafiti wa watoto 144 wenye umri wa miaka 6, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, na wengine hawakufundishwa kitu kwa mwaka huo. Waliofundishwa muziki walipanda kuliko wengine katika vipimo vya akili, ingawa kwa kiasi kidogo. Waliofundishwa maigizo ndio walioonyesha maendeleo katika tabia za kuishi na wenzao, maendeleo ambayo hayakuonekana kwa waliofundishwa muziki. Utafiti mmoja hautoshi kujenga dini, lakini unatuelekeza mahali pa kutazama. Nawasihi basi walimu wenzangu tuache kuwaahidi wazazi kwamba maigizo yatapandisha alama za hesabu. Somo hili lina kazi yake, na halihitaji kuazima heshima ya somo jingine.

Kuhusu mtoto mwenye haya, ambaye huulizwa habari zake kila ninapozungumza, nitasema kwa ufupi. Asisukumwe mbele peke yake ili azoee, kwa maana anachozoea ni kuogopa. Aanze katika kundi zima linalotembea pamoja chumbani, kisha katika wawili wawili, kisha katika watatu huku wengine wakiwa na shughuli zao bila kumtazama. Akitaka kutazamwa, atajionyesha mwenyewe, na mwalimu makini ataona. Akipita muhula bila kutaka, hajashindwa chochote.

Vijana wa miaka kumi na mitatu na kuendelea wangehitaji mhadhara wao, na muda wangu unakwisha. Niseme mambo mawili. La kwanza ni sauti. Wakati wa kubalehe zoloto, yaani kiungo cha sauti kilichomo kooni, hukua na nyuzi za sauti hurefuka, hasa kwa wavulana, na sauti inaweza kukatika katikati ya neno. Mwalimu asimfanye kijana kuwa kichekesho, asimlazimishe kupaza sauti aliyokuwa nayo mwaka jana, na asigawe uhusika kana kwamba sauti ya mwanzo wa muhula ndiyo itakayokuwapo mwishoni. La pili ni maudhui. Kijana ana maswali yake, naye huchoka upesi kuigiza mafunzo ya maadili aliyoandikiwa na watu wazima. Mbrazili Augusto Boal alibuni maigizo ambayo mtazamaji huruhusiwa kusimamisha tukio, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine ya kutoka katika dhuluma. Mpeni kijana nafasi hiyo, na mvumilie atakachokionyesha, hata kikiwahusu ninyi.

Nilikusudia pia kuzungumzia ada na watoto wenye ulemavu, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unamtambulia kila mtoto haki ya kushiriki katika sanaa, na haukusema kila mtoto ambaye mzazi wake anaweza kulipa. Hoja hiyo nitaiacha kwa maswali, nami naomba iwe ya kwanza kuulizwa. Mzazi anayetafuta darasa kwa ajili ya mwanawe aombe kukaa kitini kwa kipindi kimoja cha kawaida, mbali na juma la onyesho, na katika kipindi hicho asimtazame mtoto anayezungumza. Amtazame yule ambaye zamu yake haijafika, aone anafanya nini.