Tusome Karatasi Kwanza: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Official Secrets

Ahsante, mwenyekiti. Mabibi na mabwana, wanangu wa sheria na wa uandishi wa habari, hamjambo?

Nimeona kwenye tangazo mmeandika kwamba nitajibu swali: Katharine Gun, yule mtumishi wa idara ya ujasusi ya Uingereza aliyevujisha waraka wa siri kabla ya vita vya Iraq, ni shujaa au ni msaliti? Sitalijibu. Aliyekuja kwa ajili ya swali hilo ana ruhusa ya kuwahi chai huko nje, na mahamri nimeyaona yakiletwa, bado ya moto. Tutakaobaki tuzungumze jambo jingine.

Filamu mmetoka kuiona sasa hivi, kwa hiyo sisimulii. Nawauliza tu. Waraka ule alioutoa ofisini ulitaja nchi sita. Nitajieni.

Chile, naam. Pakistan. Nani mwingine? ... Mexico haimo, mwanangu. Ufaransa pia haimo. Basi, mmekwama kwenye mbili! Ni Angola, Kamerun, Chile, Bulgaria, Guinea, na Pakistan iliyowekewa mkazo wa ziada. Tatu kati ya sita ni nchi za Afrika, na ukumbi mzima wa Waafrika umezisahau kabla viti havijapoa. Lakini nikiuliza mumewe Katharine alikuwa raia wa wapi, mikono yote itapanda. Uturuki! Tena mtaniambia alivyobebwa kupelekwa uwanja wa ndege ili arudishwe kwao, na mkewe alivyohangaika.

Wengine hapa mmeshanisikia nikilisema hili, na mzee wangu pale mbele anaweza kunimalizia sentensi, lakini leo nalirudia kwa sababu leo mmenipa ushahidi wenyewe. Siri ikivuja, tunamsoma mtu. Karatasi hatuisomi. Filamu inatusaidia kukosea hivyo, kwa kuwa kamera inapenda uso, na uso wa Keira Knightley, anayemwigiza Katharine, unapendeka zaidi kuliko baruapepe ya kiofisi. Simlaumu mtengenezaji filamu. Nawalaumu ninyi, mnaotoka sinemani mkibishana kuhusu tabia ya mwanamke wa watu.

Basi tuisome karatasi. Ni ya tarehe 31 Januari 2003. Imeandikwa na afisa wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, aitwaye Frank Koza, kwenda kwa wenzao wa Uingereza, GCHQ, kule Cheltenham. Inasema NSA wameongeza kasi ya kuwasikiliza wajumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, hasa wa nchi zile sita, na inawaomba Waingereza watie mkono. Simu za ofisini na za nyumbani. Wanataka kujua mjumbe atapigaje kura kuhusu Iraq, anashauriana na nani, anaegemea wapi, chochote kitakachowapa watunga sera wa Marekani nafasi ya kupata matokeo wanayoyataka.

Mnajua hesabu ya Baraza. Wajumbe 15. Azimio likitaka kupita linahitaji kura tisa, na pasiwe na kura ya turufu. Marekani na Uingereza zilitaka azimio la pili litakalohalalisha vita, na kura hazikutosha. Kwa hiyo mwezi ule wa Februari, balozi wa Guinea, nchi ambayo wakubwa hawakuwahi kuibembeleza kwa lolote, ghafla akawa mtu ambaye mazungumzo yake ya sebuleni yana thamani. Na Machi ilipoingia, Guinea ndiyo iliyoshika kiti cha urais wa Baraza! Mwenye kuongoza kikao ni miongoni mwa waliolengwa kusikilizwa. Hilo kwangu ni filamu nzima peke yake, na ndani ya hii mliyoiona halikupewa hata dakika ya kukaa. Balozi wa Angola hana sura. Wa Kamerun hana jina. Wamekuwa orodha.

Sasa ngojeni niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote, kimo ndani ya filamu na ni cha kweli. Nitakichukulia muda, mwenyekiti atanivumilia.

Waraka unafika gazeti la The Observer la London. Gazeti lenyewe kupitia tahariri zake linaunga mkono vita, zingatieni hilo. Mwandishi wake Martin Bright na wenzake wanahangaika wiki kadhaa kuuthibitisha. Mmoja wao aliyeko Marekani, Ed Vulliamy, anafanya jambo ambalo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: anapiga simu NSA na kuomba aunganishwe na Frank Koza. Basi! Hakuvaa koti jeusi, hakukutana na mtu kwenye maegesho ya magari usiku. Alipiga simu.

Jumapili tarehe 2 Machi 2003 habari inatoka ukurasa wa mbele, na waraka wenyewe unachapishwa. Ulimwengu unapaswa kutikisika. Lakini kumbe kijana mmoja wa ofisini aliyeuchapa upya waraka ule alikuwa ameunyoosha kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, kama alivyozoea kunyoosha habari nyingine zote za gazeti. Maneno ambayo Mmarekani huyaandika bila herufi u, yakapata u yake. Mtandao mmoja maarufu wa Marekani, Drudge Report, ukarukia hapo hapo: waraka ni wa kughushi, hakuna afisa wa NSA anayeandika hivi! Vituo vya televisheni vya Marekani vilivyokuwa vimemwalika Bright vikafuta miadi. Gazeti likaeleza kilichotokea, lakini nani anasikiliza maelezo ya siku ya pili?

Mnaona? Kwa muda ule wote watu wazima, wenye shahada zao, walikuwa wakijadili herufi. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli balozi wa Guinea anasikilizwa nyumbani kwake. Wachache waliuliza kama jambo hilo ni halali chini ya mikataba inayolinda wanadiplomasia. Mkumbuke pia kwamba hakuna aliyedanganya. Kijana yule alifanya kazi yake kwa bidii, labda kwa bidii kupita kiasi, na wenye haja ya kutosoma karatasi wakapata kisingizio chao. Wangekosa hicho wangetafuta kingine. Wangesema wino ni wa rangi mbaya.

Nimeona mkono. Najua unachotaka kusema, ndugu yangu, maana hakuna ukumbi nilioingia nisiulizwe: "Lakini si aliapa? Si alitia sahihi kutunza siri?"

Ndiyo, alitia sahihi. Na katika filamu anaulizwa hivyo hivyo na wachunguzi, naye anajibu kwamba serikali hubadilika lakini yeye ni mtumishi wa wananchi. Jibu zuri, watu hupiga makofi. Ila mimi nataka mtazame swali lenyewe linafanya kazi gani. "Si aliapa?" ni swali la kumhusu mtu. Ukishalijibu, kwa ndiyo au kwa hapana, bado hujagusa karatasi.

Na sheria ya Uingereza iliandikwa makusudi ili isiguswe. Mwaka 1985 afisa wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, alisimama kizimbani kwa kumpa mbunge nyaraka kuhusu kuzamishwa kwa meli ya Argentina, General Belgrano, katika vita vya 1982. Jaji alikaribia kuliagiza jopo la raia limtie hatiani: maslahi ya taifa ni yale serikali iliyopo inayosema ni maslahi ya taifa. Wale 12 wakaenda chumbani, wakarudi, wakamwachia huru. Wao walikuwa wamesoma karatasi. Serikali ilijifunza nini? Mwaka 1989 ikatunga Sheria mpya ya Siri za Serikali ambayo mtumishi wa idara za usalama hawezi kujitetea kwa kusema nilifanya kwa manufaa ya umma. Kilichomo hakijadiliwi. Ulitoa, hukutoa? Ulitoa. Twende jela.

Kwa sheria hiyo ndiyo Katharine alishtakiwa Novemba 2003, miezi minane baada ya kukiri kwa mkubwa wake wa kazi. Wakili wake, Ben Emmerson, akatafuta mlango mwingine: alitenda kwa ulazima, ili kuokoa maisha kwenye vita visivyo halali. Na kama tunabishana uhalali wa vita, basi tuleteeni ushauri ambao Mwanasheria Mkuu aliipa serikali. Tarehe 25 Februari 2004 wakaingia mahakamani, Old Bailey, na upande wa mashtaka ukasimama kusema hauna ushahidi wa kutoa. Dhidi ya mtu aliyekiri! Dakika chache tu, kila mtu nje.

Filamu inaifanya hiyo iwe saa ya ushindi, na nawaelewa, yule dada aliepuka kifungo. Mimi kila nikiiangalia nakasirika. Kesi ilikufa ili karatasi isisomwe. Ushauri ule wa Mwanasheria Mkuu wa tarehe 7 Machi 2003 ulikuja kuonekana na umma mwaka 2005, na ndani yake mlikuwa na mashaka ambayo Bunge halikuambiwa kabla ya kupiga kura.

Mtaniambia pia, vita vilipigwa hata hivyo, waraka ulisaidia nini? Azimio la pili halikupigiwa kura kamwe. Liliondolewa tarehe 17 Machi kwa sababu kura tisa hazikupatikana, na mabomu yakaanza siku tatu baadaye bila ya baraka ya Baraza. Siwaambii ni waraka pekee uliofanya hivyo, kulikuwa na Ufaransa na turufu yake. Nawaambia kwamba nyingi kati ya zile nchi sita zilisimama zikiwa zinajua zinasikilizwa. Kenya imekaa kwenye Baraza hilo mwaka 2021 na 2022. Jiulizeni.

Nichepuke kidogo. Mwongozaji wa filamu hii, Gavin Hood, ni mtu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Johannesburg. Kabla ya hii alitengeneza Eye in the Sky, ile ya ndege zisizo na rubani, na Eastleigh yetu ya Nairobi imo, isipokuwa waliipigia picha Afrika Kusini. Sawa, tumezoea kuigizwa tukiwa mbali. Lakini huyu hawezi kusema haijui Afrika. Ndiyo maana ukimya wake kuhusu Angola, Kamerun na Guinea naudai yeye kuliko ningemdai mtu wa Hollywood.

Sasa tuje nyumbani. David Munyakei. Nani anamjua? Vizuri, wengi. Karani wa Benki Kuu ya Kenya, kijana, mwaka 1993 akatoa nyaraka za kashfa ya fedha ya Goldenberg zikawafikia wabunge wa upinzani. Akakamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, ndugu wa damu wa ile ya Uingereza. Mashtaka yakaondolewa, kazi hakurudishiwa. Akaja hapa hapa Mombasa, akasilimu, akaoa. Mwaka 2004 Transparency International ikampa tuzo ya uadilifu. Julai 2006 akafa fukara. Mnatikisa vichwa, mnamsikitikia. Mimi pia.

Haya, karatasi zake zilisema nini?

Kimya. Ndicho ninachowaambia! Zilionyesha malipo ya fidia kwa kampuni iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo dhahabu yake ni ya kuokoteza na almasi haina kabisa. Sheria iliruhusu asilimia 20 ya thamani ya mauzo, wao walilipwa 35. Hiyo 15 ya juu ilitoka kwa idhini ya nani, kwa sahihi gani? Karani yule alikuwa akiziona sahihi hizo zinapita mezani kwake. Tumejua alivyokufa, hatujui alichokiona. Mkimtengenezea filamu, na natumaini mmoja wenu atamtengenezea, nawasihi: msinianzie na mazishi.

Naona mwenyekiti amenyanyua saa. Nilikuwa na mambo matatu zaidi, nayataja mbio mbio. La kwanza, jinsi ya kuthibitisha waraka, hilo nimeligusa kwa simu ya Vulliamy. La pili, mhariri aliyeunga mkono vita akachapisha habari ya kuviumbua, mngelijadili darasani kwa saa nzima. La tatu kwa watu wa sheria: kwetu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 16, inasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kutoa habari kwa manufaa ya umma. Sheria ya Siri za Serikali nayo bado imo vitabuni. Zote mbili ziko rafu moja. Nendeni mkazisome sambamba, kisha mniandikie ni ipi ingemshika Munyakei leo, kwa vifungu, si kwa hisia.

Maswali. Ndiyo, dada mwenye buibui pale nyuma, ulitangulia.