Picha ya Sura Yenye Ukungu: Tuifute au Tuibakishe?

ZUHURA: Kaka Musa, wewe unapiga picha za harusi. Ukirudi nyumbani, ni zipi unazifuta kwanza?

MUSA: Zenye ukungu, bila kufikiri mara mbili. Macho ya mtu pichani yasipokuwa makali, yaani yasipoonekana wazi, picha inaondoka. Mteja hakulipa apewe ukungu.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapokupinga. Kuna mama mmoja, Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815. Alipewa kamera na bintiye na mkwewe Desemba 1863, akiwa na miaka 48. Akiwa mkazi wa kisiwa cha Wight, Uingereza, akawapiga picha watu wazito: mshairi Tennyson, mwanasayansi Herschel. Nyingi hazikuwa kali, na wakosoaji wakamshambulia kweli kweli kwamba kazi haijui.

MUSA: Lakini dada, zama zile ungefanyaje? Kioo kinapakwa kolodioni, kimiminika cha kunata kinachoshika dawa ya picha, kinatumika kikiwa bado kibichi, na mtu anaambiwa atulie dakika kadhaa. Nani asiyetikisika?

ZUHURA: Mbona wenzake wenye vifaa vya aina hiyo hiyo walitoa picha kali? Yeye alieleza mwenyewe: akirekebisha lenzi, akifika mahali panapomvutia, anaishia hapo hapo, haendelei kutafuta ukali. Tazama picha yake ya mwandishi Thomas Carlyle ya mwaka 1867. Uso umejaa fremu, nywele na ndevu zimeyeyukia kwenye mwanga. Huoni kinyweleo hata kimoja, lakini ule uzito wa mzee unaukuta umekukalia. Na jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, lilikuwa limeshanunua picha zake tangu 1865.

MUSA: Sawa, huyo alichagua. Mimi nikipiga kwa f/1.8, yaani lenzi imefunguliwa sana na sehemu ndogo tu ndiyo inayotoka kali, karibu na mtu, fokasi ikaangukia sikio badala ya jicho, sikuchagua chochote. Nimekosea shabaha tu. Ila mtu aliyecheka sebuleni, mwanga hafifu, shata ikakaa wazi 1/15 ya sekunde, huyo ametikisika mwenyewe. Ukungu ule ni wake.

ZUHURA: Eeh, sasa tunaelewana! Bibi yangu mzaa mama hakupenda kamera kabisa. Katika picha pekee aliyopigwa nyumbani, kageuka kumjibu mtu aliyekuwa jikoni. Pindo la kanga linaonekana vizuri, hata herufi mbili tatu za jina la kanga hiyo zinasomeka. Uso umepita, ni ukungu mtupu. Lakini mkono uko kiunoni na shingo imelalia kushoto, na yeyote wa ukoo akiishika anataja jina lake papo hapo. Ipo na ya kitambulisho, kali kabisa. Hiyo wajukuu wanauliza, "Huyu nani?"

MUSA: Hiyo usiitupe, dada. Na nikuombe jambo moja: usimpe mtu akusafishie.

ZUHURA: Kwa nini? Si ndiyo kazi yako?

MUSA: Ndiyo maana nasema. Watu wananiletea picha za wazazi wao, wanataka programu ya akili bandia iunoe uso. Inaunoa kweli, kope unazihesabu. Lakini zile kope hazikuwemo kwenye picha. Programu imezikisia kutokana na nyuso za watu wengine ilizofunzwa nazo. Ninamkabidhi mtu bibi wa watu wengine, na naye analia kwa furaha. Siku hizi nakataa.

ZUHURA: Na za harusi je? Bado utafuta?

MUSA: Kama tukio lile lile ninalo kwenye picha kali, yenye ukungu naifuta.

ZUHURA: Hata kama kwenye ile kali bi harusi ameshajiweka sawa, na kwenye ya ukungu ndipo anapomkumbatia baba yake?

MUSA: Hapo umenibana. Nitaibakisha, nimwonyeshe bi harusi mwenyewe aamue. Kwa kweli uamuzi ule sikupaswa kuwa nao peke yangu.

ZUHURA: Na hii ya bibi niitunze vipi?

MUSA: Iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, nakala ya kwanza usiiguse wala kuinoa. Kisha nyuma ya karatasi andika jina lake na mahali, kwa penseli laini. Kalamu ya wino inapenya ikatokea mbele. Na andika pia nani alikuwa jikoni, kama mama yako anakumbuka.

ZUHURA: Anakumbuka. Ni yeye aliyemwita.