Mzazi, Ulizia Bodi Kabla ya Alama

Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Minneapolis

Ndugu zangu wazazi, asanteni kwa kuja. Watoto wanaokimbiakimbia pale nyuma waacheni, kikao hiki ni chao.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili kanisani, msikitini, hata harusini. Nalirudia kwa sababu kila msimu wa kuandikisha watoto ukifika, napigiwa simu na swali ni lile lile: "Mwalimu, shule fulani ya chata ni nzuri?" Namuuliza mzazi, bodi yake ina nani na nani? Anakaa kimya. Jengo wanalosomea ni la nani? Kimya. Mkataba wao alitoa nani, na unaisha lini? Hapo ananijibu, "Mimi nilitaka kujua tu kama watoto wanafaulu."

Sitapoteza muda kueleza chata ni nini. Mnaishi Minnesota, jimbo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizi mwaka 1991, na shule ya kwanza kabisa ilifunguliwa hapo St. Paul mwaka 1992. Mnajua ni shule ya umma, haina ada, inaendeshwa kwa fedha za kodi, na iko chini ya bodi yake yenyewe badala ya wilaya ya shule, kwa mkataba inaopewa na taasisi inayoisimamia. Ninachotaka kukisema leo ni hiyo bodi.

Lakini kwanza hizo alama, maana najua bila hizo hamtanisikiliza. Mwaka 2009 kituo cha utafiti cha CREDO, cha Chuo Kikuu cha Stanford, kililinganisha wanafunzi wa chata na wenzao wa shule za kawaida. Katika hesabu, asilimia 17 ya shule za chata zilifanya vizuri zaidi, asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilionyesha maendeleo: kwa wastani mwanafunzi wa chata alikuwa mbele kwa kiasi cha siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Ripoti hiyo hiyo ilikuta wanafunzi wa chata za mtandaoni wako nyuma kwa siku 58 katika kusoma na siku 124 katika hesabu. Siku 124! Hizo ni zaidi ya nusu ya mwaka wa shule. Sasa mzazi, mtoto wako humwandikishi kwenye wastani. Unamwandikisha kwenye shule moja, yenye mlango mmoja na watu kadhaa wanaoamua fedha ziende wapi.

Nisikilizeni habari ya Ohio, na nitaisema yote.

Mwaka 2000, kule Columbus, ilifunguliwa chata ya mtandaoni iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, watu wakaiita ECOT. Mwanzilishi wake ni William Lager. Mtoto anakaa nyumbani na kompyuta, mwalimu yuko upande wa pili wa mtandao, na jimbo linalipa kwa kila kichwa. Ilikua hadi ikawa miongoni mwa shule kubwa kuliko zote Marekani. Mwaka wa masomo wa 2015-16 ilidai malipo ya wanafunzi zaidi ya 15,000.

Sasa ifuateni hela. Inatoka jimboni, inaingia shuleni. Shule ina mkataba wa uendeshaji na kampuni ya Altair. Altair ni ya nani? Ya Lager. Shule inahitaji programu za masomo, inanunua kwa kampuni ya IQ Innovations. Hiyo nayo ni ya nani? Ya Lager. Mwanzilishi wa shule ndiye anayeiuzia shule. Na mtu pekee mwenye mamlaka ya kumwambia "bei hii hatulipi" ni bodi. Mzazi wa ECOT angemjuaje mjumbe wa bodi ile? Hakumpigia kura, hakuna mzazi aliyepiga kura.

Mwaka 2016 idara ya elimu ya Ohio ikaamua kuomba kumbukumbu za wanafunzi kuingia mtandaoni. Sheria ilitaka saa 920 za masomo kwa mwaka, yaani karibu saa tano kwa siku. Mapitio ya awali yakaonyesha wanafunzi wengi wanaingia kwa kama saa moja. Hesabu ilipokamilika, kati ya wanafunzi wapatao 15,300 waliodaiwa, waliothibitishwa kwa vielelezo ni kama 6,300. Watanzania mliokuwa nyumbani mwaka huo mnakumbuka sakata la wanafunzi hewa, majina yanayoombewa fedha bila mwanafunzi. Hii ni habari ile ile, kwa dola za Ohio.

Na utetezi wao mahakamani nataka muusikie vizuri. Walisema sheria inawataka watoe nafasi ya kusoma saa 920, haisemi kwamba mtoto lazima azisome. Wakishaweka masomo mtandaoni, basi walipwe mwaka mzima, hata kama mtoto hakufungua kompyuta! Mahakama ya Juu ya Ohio iliikataa hoja hiyo Agosti 2018, majaji 4 kwa 2. Lakini wakati huo shule ilishafungwa. Jimbo lilikuwa linadai kiasi cha dola milioni 60 za mwaka ule mmoja, likaongeza nyingine milioni 19 za mwaka uliofuata, mfuko ukakauka, na Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, watoto wapatao 12,000 wakaambiwa watafute shule.

Mfikirieni yule wa mwaka wa mwisho. Anatarajia cheti Mei. Januari anabisha hodi shule ngeni, anaomba wampokee, na wakimpokea anaomba wamhesabie masomo aliyokwisha kuyamaliza, na karatasi zake ziko kwenye ofisi inayofungwa. Huyo hakuiba kitu. Mama yake hakuiba kitu. Na miaka ya nyuma ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa jimbo ilishaipa shule hiyo tuzo ya utunzaji mzuri wa hesabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, hata shule za wilaya fedha zinaliwa." Zinaliwa, sikatai. Lakini bodi ya wilaya umeichagua wewe kwa kura, na uchaguzi ujao unaweza kuiondoa. Bodi ya chata katika majimbo mengi haichaguliwi na mtu wa nje. Anayepaswa kuibana ni taasisi iliyotoa mkataba, na Ohio taasisi hiyo iliruhusiwa kuchukua hadi asilimia 3 ya fedha za shule inayoisimamia. Ikiifunga shule, inapoteza malipo hayo. Kwa miaka mingi shule iliyobanwa na msimamizi mmoja iliweza kuhamia kwa mwingine. Jimbo lilikuja kukaza sheria mwaka 2015, watoto wengi wakiwa wameshapita humo.

Na kuna wa upande wa pili, anayedhani nazipinga chata. Sizipingi! Nendeni Boston. Kule shule hizi zina waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wanapiga bahati nasibu. Watafiti wakawalinganisha watoto waliopata nafasi na walioikosa, na waliopata wakawa mbele sana, hasa katika hesabu. Ni watoto wa mitaa ile ile, wazazi wa hamu ile ile. Lakini angalieni usimamizi wao: Massachusetts mkataba unatolewa na mamlaka moja tu, bodi ya elimu ya jimbo, na kila baada ya miaka mitano shule inarudi kujieleza. Hakuna mahali pengine pa kukimbilia. Hata hivyo, mwaka 2016 wapiga kura wa Massachusetts walikataa kuongezwa kwa idadi ya shule hizi, kama asilimia 62 wakisema hapana. Sababu zao zilikuwa za fedha za wilaya, na hilo ni somo la siku nyingine.

Haya, sisi hapa. Minnesota sheria imetupa kitu ambacho wazazi wa ECOT hawakuwa nacho. Bodi ya chata lazima iwe na watu wasiopungua watano wasio na undugu, na kati yao lazima awemo mwalimu wa shule hiyo, mzazi wa mtoto anayesoma hapo, na mtu wa jamii asiyeajiriwa na shule. Na mzazi anapiga kura. Mwenye kampuni inayofanya biashara na shule haruhusiwi kuwa mjumbe. Vikao ni vya wazi, na kumbukumbu za vikao lazima ziwekwe kwenye tovuti ya shule.

Nani kati yenu ameshawahi kupiga kura hiyo? Naona mikono miwili. Ukumbi mzima, mikono miwili!

Na msiseme hapa kwetu hayatokei. Shule ya Hmong College Prep Academy, St. Paul, iliweka dola milioni 5 kwenye mfuko wa uwekezaji wa aina ambayo sheria ya jimbo hairuhusu, na milioni 4.3 zikapotea. Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ni wahamiaji kama sisi, waliotaka shule inayowajua watoto wao.

New Orleans nilikuwa nimeiandalia kurasa nzima, jinsi karibu shule zote zilivyogeuzwa chata baada ya kimbunga Katrina cha 2005, alama zikapanda huku maelfu ya walimu na wafanyakazi wakiwa wamepoteza kazi, hadi mamlaka yakarudi kwa bodi iliyochaguliwa mwaka 2018. Mratibu ananionyesha saa, kwa hiyo naiacha. Usafiri nao nauruka.

Watoto wenye mahitaji maalumu, kwa haraka: chata ni shule ya umma, haina haki ya kumkataa mtoto wako kwa ulemavu wake. Ukiambiwa "shule yetu haimfai," omba wakuandikie, wakiweka na sahihi.

Kabla ya kuandikisha, fungueni tovuti ya shule msome kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho. Tafuteni jengo linapangishwa kutoka kwa nani na kwa kiasi gani, na kampuni ya uendeshaji, kama ipo, inalipwa nini. Kiingereza kikiwashinda nileteeni, tutasoma pamoja. Mama mwenye kitenge cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja Ohio, tuanze na yeye.