Korja, Boriti na Hesabu: Kupanga Ukataji wa Mikoko ya Lamu

Asalamu alaikum, wazee wetu, kina mama, manahodha, wakata mikoko, na nyinyi vijana wa hesabu mliokaa nyuma karibu na mlango.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Imegawanywa katika maeneo matano ya usimamizi, na miti inauzwa kwa korja, yaani miti 20. Hapa ndipo mipango mingi inapopotoka mapema. Korja ya mazio, miti ya unene wa kati, na korja ya boriti, miti minene zaidi yake, hujumlishwa pamoja kana kwamba ni bidhaa mbili zisizojuana, kumbe boriti ni mazio aliyeachwa akanenepa. Nia yangu leo ni kuonyesha hesabu inayoushika uhusiano huo.

Hesabu yenyewe, inayoitwa kwa Kiingereza linear programming, si ngeni. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Kisovieti, aliitumia kugawa kazi za mashine katika kiwanda cha mbao za plaiwudi kule Leningrad, na mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akaipatia njia ya kukokotoa inayoitwa simpleksi. Ina sehemu tatu: maamuzi, lengo, na vizuizi. Maamuzi ni miti mingapi ikatwe, ya daraja gani, katika kipande gani cha msitu, katika kipindi gani. Lengo laweza kuwa mapato makubwa kadiri inavyowezekana. Watu hubishana sana juu ya lengo, lakini mpango hujengwa na vizuizi.

Kizuizi cha kwanza ni ukuaji. Tuchukue vipimo vya mfano. Pau ni sentimita 4 hadi 8 za kipenyo, mazio 8 hadi 11.5, boriti 11.5 hadi 14, na kuanzia hapo ni nguzo. Tuseme mti unanenepa nusu sentimita kwa mwaka, na kila kipindi cha miaka 5 miti 90 kati ya 100 hubaki hai. Katika kipindi kimoja mti unanenepa sentimita 2.5. Daraja la mazio lina upana wa 3.5, kwa hiyo sehemu inayovuka ni 2.5 kugawanya kwa 3.5, yaani 0.71. Zidisha kwa 0.9: katika kila mazio 100 unayoacha, 64 watakuwa boriti, 26 watabaki mazio, 10 watakufa.

Sasa mfanyabiashara anayeagiza korja moja ya mazio leo anaondoa pia takriban boriti 13 za miaka 5 ijayo. Kwenye leseni zile 13 hazionekani. Kwenye modeli, yaani hesabu hii ikishawekwa kwenye kompyuta, zinaonekana, kwa sababu kila daraja la kipindi kijacho limefungwa na kilichobaki baada ya kukata katika kipindi hiki.

Angalieni na urefu wa kipindi. Daraja la boriti lina upana wa sentimita 2.5 tu, hivyo kwa miaka 5 wote waliobaki hai wanafika nguzo. Ukichagua kipindi cha miaka 10, mti utaruka daraja zima ndani ya hatua moja na modeli itakosea bila kulalamika. Kanuni ni rahisi: kipindi kisizidi muda wa mti kuvuka daraja jembamba kuliko yote.

Kizuizi cha pili ni mbegu. Mkoko wenyewe, tofauti na mchu ambao ni aina nyingine ya mti wa mikokoni, hauchipui vizuri kutoka kwenye kisiki. Ukikatwa, umekwisha, na kizazi kinategemea miche iliyo chini. Kwa hiyo kila hekta lazima ibaki na idadi fulani ya miti mikubwa inayozaa, tena iliyonyooka. Wakataji huchagua iliyonyooka na kuacha iliyopinda, kisha ripoti ikasema msitu una miti mingi. Una miti, hauna boriti! Gawa kila daraja sehemu mbili tangu siku ya kupima, inayouzika na isiyouzika.

Cha tatu ni mtiririko: mavuno ya kipindi yasipungue wala kuzidi yaliyotangulia kwa zaidi ya, tuseme, asilimia 10, ili jahazi zisijae mwaka huu na kulala mwaka ule. Ukiweka asilimia 0, katika msitu uliokatwa kupita kiasi programu itakujibu kwamba hakuna suluhisho, au itakubali mavuno madogo mno milele. Legeza kidogo kidogo uone.

Cha nne husahaulika zaidi kuliko vyote. Modeli ya miaka 30 haijui kuna mwaka wa 31. Isipozuiwa, katika kipindi cha mwisho itafyeka kila kitu, maana mti uliobaki hauna thamani kwake. Lazimisha akiba ya mwisho isiwe chini ya ile ya mwanzo. Na riba vilevile: kwa asilimia 10, shilingi 1,000 za miaka 20 ijayo ni shilingi 149 leo, basi modeli itakata sasa hivi hata ukiipa msitu mzuri.

Kuna pia vipande jirani. Hatutaki viwili vinavyopakana vikatwe kipindi kimoja, na ukanda wa mbele unaopigwa na mawimbi usiguswe kabisa. Hapo jibu linakuwa ndiyo au la, moja au sifuri. Usikokotoe kwa sehemu kisha ukakadiria. Nusu mbili zikikadiriwa kwenda juu, majirani wote wawili wamekatwa. Vipande 40 kwa vipindi 6 ni maamuzi 240 ya namna hii, na Solver, kikokotoo cha kawaida ndani ya Excel, inaishia 200. GLPK, programu nyingine ya kukokotoa, ni ya bure, inatosha.

Vyombo navyo. Hori nyingi za ndani hufikika kwa maji ya bamvu tu, yaani maji yanapojaa sana, kwa hiyo hesabu siku za bamvu, usihesabu siku za kalenda.

Programu ikimaliza, msikimbilie jumla ya korja. Tazameni bei kivuli ya kila kizuizi: lengo lingeongezeka kiasi gani kizuizi kikilegezwa kwa kipimo kimoja. Kama bei kivuli ya vyombo ni sifuri, jahazi jipya halitaongeza shilingi. Kinachobana ni mazio walioko msituni. Bei hizi hupatikana katika hesabu ya sehemu, si ya moja na sifuri, basi endesheni zote mbili.

Halafu ijaribuni kwa yaliyopita. Wekeni vipimo vya zamani vya msitu pamoja na korja zilizokatwa kweli, muone kama modeli inafika kwenye msitu wa leo. Ikitoa boriti maradufu ya zilizoko, kasi ya ukuaji mliyoipa ni kubwa mno, au kuna miti iliyotoka bila leseni. Hayo mawili hayatenganishwi na kompyuta. Yatahitaji utepe wa kupimia na mtu anayezijua hori.