Birika Kwenye Ubeti wa Tatu

RUKIA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rukia, na mbele yangu yuko kaka Baraka, ambaye tangu aingie studioni anapiga mluzi wa wimbo fulani…

BARAKA: Usiutaje, dada! Ukiutaja utatukaa kichwani mpaka kipindi kiishe.

RUKIA: Siutaji. Nitasema tu ni ule wa Mariah Carey wa mwaka 1994.

BARAKA: Haya, umeshautaja. Na unajua ulifika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani lini? Mwaka 2019. Miaka 25 baadaye! Hapo ndipo utakapomwonea huruma msanii mdogo. Mwaka mzima anashindana na walio hai wenzake. Ikifika Desemba anashindana na Bing Crosby, mwimbaji wa nyimbo za Krismasi aliyefariki 1977, na kila mwaka anarudi kazini kama hajaenda popote.

RUKIA: Ndiyo maana leo tunawatafuta hao wengine. Nyimbo za sikukuu, za watu usiowajua, na za bure. Bure ya halali, tusije tukaeleweka vibaya. Haya kaka, mtu anaanzia wapi?

BARAKA: Kwanza asianzie kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika “nyimbo za Krismasi bure” unaletewa ukurasa wenye vitufe tisa vya kupakua, vinane ni matangazo na wa tisa sijui ni nini, sijawahi kuthubutu kuubonyeza.

RUKIA: Cha tisa. Kitufe, cha.

BARAKA: Cha tisa, mwalimu. Mimi huwa natafuta mtu kwanza, wimbo baadaye. Chukua msanii mdogo unayempenda tayari, hata kama mwaka mzima anaimba mambo ya kuachwa. Fungua ukurasa wake wa Bandcamp, ile tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe, teremka mpaka chini kabisa, kwenye kazi za zamani. Hiki ni cha mvunguni, bila kuinama hukipati. Pale chini utakuta kaalbamu ka nyimbo nne, jalada limechorwa kwa kalamu za rangi, maelezo yake ni mstari mmoja: kwa ajili ya mama na shangazi.

RUKIA: Hizo ndizo ninazozipenda mimi. Hazikutengenezwa ziuzwe.

BARAKA: Ndiyo asili yake. Sufjan Stevens, yule mwanamuziki wa Marekani, alianza hivyo hivyo mwaka 2001, anarekodi nyimbo za Krismasi anawapa ndugu na marafiki kama zawadi. Mwaka 2006 ndipo alipozikusanya kwenye kasha moja, diski 5. Hata Beatles, pamoja na ukubwa wao, kila Krismasi kuanzia 1963 hadi 1969 waliwatumia wanachama wa klabu ya mashabiki wao santuri ya bure. Wanacheka, wanataniana, wanaimba ovyo.

RUKIA: Na kama sina msanii mdogo ninayemjua?

BARAKA: Tafuta mkusanyiko wa lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki. Lebo inawaambia wasanii wake kila mmoja alete wimbo mmoja wa sikukuu, zinapangwa pamoja, zinatolewa bure au kwa kutaja bei mwenyewe. Kweli, katika nyimbo kumi na tano, tano ni mbovu. Lakini umepata majina kumi na tano, na kila jina lina ukurasa wake. Kisha vile vibandiko chini ya albamu, yale maneno ya kubonyeza yanayokupeleka kwenye muziki wa aina hiyo, usiishie kwenye neno la Kiingereza. Bonyeza Navidad, bonyeza Noël, bonyeza Weihnachten, ndiyo Krismasi kwa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Unaingia chumba kingine kabisa.

RUKIA: Mimi hilo la kutaja bei lilikuwa linanisumbua. Kisanduku kinakuuliza utalipa ngapi, unaandika sifuri, halafu unajisikia kama umetoka dukani na kitu mfukoni.

BARAKA: Lakini aliyekubali sifuri ni msanii mwenyewe. Angetaka angeweka kima cha chini. Ila kuna jambo ambalo watu hawalijui: pale Bandcamp msanii hupewa idadi maalumu ya upakuaji wa bure, 200 kwa mwezi. Zikiisha, kilichokuwa cha bure kinageuka cha kulipia mpaka apate nyingine. Kwa hiyo ukiona jana ilikuwa bure na leo inadai pesa, usimseme vibaya. Watu wamemjalia mlangoni tu.

RUKIA: Kumbe! Na mimi Desemba iliyopita nilinuna siku nzima.

BARAKA: Nenda mwanzo wa mwezi. Au toa hata kidogo, si lazima kila siku tule vya bure. Na wale wanaoomba barua pepe badala ya pesa, wape ya kweli. Ndiyo njia yao ya kukuambia mwakani wametoa nyingine.

RUKIA: Kuna na Free Music Archive, tovuti ya muziki wa bure iliyoanzishwa na redio ya Marekani ya WFMU mwaka 2009, na lile ghala kubwa la mtandaoni la Internet Archive. Ila huko, kaka, ndiko nilikoumbuka.

BARAKA: Simulia. Nimeisubiri hii tangu wiki jana.

RUKIA: Nilipata wimbo mmoja mtamu mno. Gitaa na sauti moja ya kiume, basi. Chini yake kuna alama ya Creative Commons, zile leseni za kuwaruhusu wengine watumie kazi yako kwa masharti. Nikasema, si ndiyo hii ruhusa? Nikauweka kwenye video fupi ya kutangaza kipindi chetu. Siku ya tatu napata barua pepe kutoka kwa mwenyewe.

BARAKA: Mkali?

RUKIA: Angekuwa mkali ningefarijika! Mpole kupita kiasi. Anashukuru nimeupenda, halafu anauliza kama nilizisoma zile herufi. Nikarudi kuangalia: BY, NC, ND. BY, umtaje jina. Sikumtaja. NC, usitumie kibiashara, na mimi natangaza kipindi chenye wadhamini. ND, usigeuze kazi yake. Nikajitetea moyoni kwamba sikugeuza kitu, kumbe kwenye leseni hizo kuuweka wimbo chini ya picha za video kunahesabiwa ni kuugeuza.

BARAKA: Herufi sita, makosa matatu. Hukubakiza hata moja.

RUKIA: Niliiondoa video, nikaomba radhi. Nikamuuliza pia, maana wimbo wenyewe ni wa kale, Silent Night, ule uliopigwa kwa mara ya kwanza na gitaa kule Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi 1818. Si mali ya kila mtu huo?

BARAKA: Wimbo ndiyo. Rekodi yake je?

RUKIA: Ndivyo alivyonijibu. Maneno na tuni unaweza kuuimba wewe, Baraka, hata kesho, humlipi mtu.

BARAKA: Wasikilizaji ndio watakaolipa.

RUKIA: Lakini zile dakika tatu alizokaa yeye mbele ya maikrofoni ni zake. Ndiyo maana wasanii wadogo wanazikimbilia nyimbo hizi za kale: hawana mtunzi wa kumwomba ruhusa, na bado wanachorekodi kinakuwa chao.

BARAKA: Mwambie msikilizaji kuhusu birika.

RUKIA: Nakuja. Alinieleza kwamba alirekodi jikoni, usiku, watu wamelala, ndiyo maana anaimba kwa sauti ya chini hivyo. Alibandika chai akasahau. Ubeti wa tatu, birika likaanza kupiga mluzi. Ukisikiliza vizuri utasikia anavuta pumzi, anajizuia kucheka, anaendelea. Alijaribu kurudia mara nne. Zote ni safi, na zote, kwa maneno yake, zimekufa. Akatoa ile yenye birika.

BARAKA: Na mluzi wenyewe karibu uko kwenye ufunguo wa wimbo.

RUKIA: Karibu. Uko juu kidogo. Basi nikamwomba ruhusa, kwa maandishi safari hii, tuupige wote hapa mwisho wa kipindi. Amekubali, kwa sharti moja: tusiukate kabla ya ubeti wa tatu.

BARAKA: Kiungo cha ukurasa wake kipo kwenye maelezo ya kipindi. Bado ni bure nilipoangalia asubuhi.

RUKIA: Haya, nyamaza sasa. Na usipige mluzi, Baraka, mluzi umo tayari.